Dawa za minyoo za sungura kwenye maduka ya mifugo Mbeya: ipi ununue, ipi uiache rafuni

Ukiingia duka la dawa za mifugo Mwanjelwa, Uyole au Mbalizi ukaomba dawa ya minyoo ya sungura, usishangae ukiwekewa mezani chupa ya albendazole ya mbuzi na ng'ombe. Muuzaji hakudanganyi, albendazole inaua minyoo kweli. Ila lebo yake haimtaji sungura, kipimo chake kimepigiwa hesabu mnyama mzito kuliko sungura mara nyingi, na sungura ni mmoja wa wanyama ambao dawa hiyo ikiwazidi huwaharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Rafu hiyohiyo huwa na chupa na pakiti nyingine zinazofaa zaidi, na nyingine zisizofaa kabisa.

Hapa tunazipitia kwa jina la kiambato, si la kampuni. Jina kubwa la mbele hubadilika kila msambazaji anapobadilika. Kiambato na asilimia yake huandikwa kwa herufi ndogo, na hivyo ndivyo vya kusoma kabla hujauliza bei.

Unaua nini hasa?

Mnyoo anayemkuta sungura wa bandani mara nyingi zaidi ni Passalurus ambiguus. Ni mweupe, mwembamba, jike hufikia karibu milimita 10, na makazi yake ni utumbo mpana pamoja na ule mfuko mkubwa ambamo majani huchachukia. Utamwona akijinyonganyonga juu ya kinyesi kipya, au amenasa kwenye manyoya chini ya mkia. Hahitaji kupitia kwa mnyama mwingine: mayai hutoka na kinyesi, yanagusa chakula, yanamezwa. Na kwa kuwa sungura kwa maumbile yake hula kile kinyesi laini moja kwa moja kutoka njia ya haja, hujiambukiza upya mwenyewe hata akikaa peke yake. Sungura mkubwa mwenye afya anaweza kuishi na minyoo hawa bila dalili yoyote. Wakizidi, hasa kwa wadogo, utaona anakonda, manyoya yamefifia, na anajing'atang'ata sehemu ya haja kwa kuwashwa. Hawaambukizi binadamu, kwa hiyo mtoto anayemlea sungura wake hana sababu ya kumkimbia. Anawe mikono tu kama kawaida.

Anayechungwa nje kwenye nyasi anaweza kuokota pia minyoo duara wa tumbo na wa utumbo mwembamba, kama Graphidium strigosum na Trichostrongylus retortaeformis wanaojulikana sana Ulaya. Hao huja na majani yenye viluwiluwi vyao, kwa hiyo sungura wa kizimbani anayeletewa majani makavu huepukana nao.

Halafu kuna tegu. Mbwa mwenye tegu aitwaye Taenia pisiformis hujisaidia shambani, mayai hubaki kwenye majani, majani yanakatwa na kuletwa bandani. Ndani ya sungura mayai hayo hayawi mnyoo wa utumboni. Hupita kwenye ini na kuishia kama vibofu vya maji vyenye ukubwa wa njegere kwenye utando wa tumbo. Mfugaji huviona siku ya kuchinja. Hakuna dawa ya duka itakayokusafishia vibofu hivyo kwa uhakika, na pesa yako inafanya kazi zaidi ukimpa dawa mbwa kuliko sungura: prazikwanteli miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, kwa kawaida kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa mbwa wa kilo 10. Na utumbo wenye vibofu usimtupie mbwa, maana hapo ndipo mzunguko unapofungwa.

Lakini kabla ya chupa yoyote, mtazame mgonjwa. Kitoto cha wiki 4 hadi 12 chenye tumbo lililojaa, kinachoharisha na kubaki mifupa, kwa kawaida shida yake si minyoo. Ni koksidia, vijidudu vya jenasi ya Eimeria visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa utumboni, na aina moja, Eimeria stiedae, hukaa kwenye ini na kuliacha na madoa meupe. Dawa ya minyoo haigusi koksidia hata kidogo. Wafugaji wengi hulalamika kwamba albendazole "haifanyi kazi siku hizi"; wengi wao wanatibu ugonjwa ambao haikuwahi kuutibu.

Kipimo cha kinyesi ndicho kinachomaliza ubishi. Chukua punje kama 20 za kinyesi cha asubuhi hiyohiyo, zitie kwenye kopo safi lenye kifuniko, andika umri wa sungura na tarehe, lihifadhi mahali pa baridi bila kuligandisha, na lifike maabara siku hiyo au kesho yake. Ofisi ya mifugo ya halmashauri au daktari wa mifugo mwenye darubini anaweza kufanya kipimo cha kuelea, yaani mayai huibuka juu ya maji ya chumvi iliyokolea. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, nao wana kituo Iringa. Kwa Passalurus mwambie mpimaji ajaribu pia selotepu: inabandikwa mara moja kwenye njia ya haja, kisha inawekwa kwenye kioo na kutazamwa. Yai lake ni refu kidogo na limebonyea upande mmoja, na kipimo cha kinyesi peke yake wakati mwingine hukosa kulinasa.

Fenbendazole

Hii ndiyo ya kununua. Inaua Passalurus na minyoo duara wengine wa tumbo na utumbo, na kwa sungura ina historia ndefu kuliko nyingine zote rafuni. Uingereza kuna hata dawa ya kupaka mdomoni iitwayo Panacur iliyosajiliwa kwa ajili ya sungura peke yake, yenye fenbendazole ya asilimia 18.75. Kwenye maduka yetu utakayoipata ni ya mifugo wakubwa: ya maji ya asilimia 2.5 au 10, au vidonge.

Kipimo kinachotumiwa na madaktari wa sungura ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, kwa siku 5. Hesabu yake ni hii. Dawa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo ni mililita 0.2 kwa kila kilo. Sungura wa kilo 3 anapata mililita 0.6. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 0.8 kwa kilo, na huyohuyo wa kilo 3 anapata mililita 2.4. Ukichanganya hizo asilimia mbili, ukampa mililita 2.4 za ile ya 10, umempa dawa ya sungura wa kilo 12. Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi zaidi, kwa sababu chupa zinafanana na zote mbili huitwa "fenbendazole".

Ukikuta vidonge tu, soma miligramu zake. Cha miligramu 250 kisage hadi kiwe unga laini kabisa, ongeza maji hadi ujazo wote ufike mililita 12.5, na hapo kila mililita 1 ni kipimo cha kilo 1. Dawa hii haiyeyuki kwenye maji, unga wake hutuama chini, kwa hiyo tikisa kabla ya kila mvuto wa sirinji. Tengeneza upya kila siku na kinachobaki kimwage. Usikitunze kwa ajili ya kesho.

Udhaifu wake upo. Nayo ni ya familia moja na albendazole, na kumekuwa na sungura walioharibika uboho baada ya kupewa dawa za familia hii kwa wingi au kwa muda mrefu. Siku 5 kwa kipimo sahihi ni jambo moja. Wiki nzima nzima "kwa usalama zaidi" ni jambo jingine. Fizi zikipauka, sungura akazubaa na kuacha kula siku au wiki chache baada ya dawa, simamisha na umpeleke kwa daktari. Udhaifu wa pili ni wa kibiashara tu: si kila duka huiweka, na ukitoka mjini kuelekea Tukuyu au Chunya ni afadhali upige simu kabla ya kupanda gari.

Piperazine

Pakiti ya unga ya kuku, na mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa Passalurus inafaa, na kwa uboho ni salama kuliko familia ya albendazole. Kazi yake ni kuwapooza minyoo wakubwa ili watoke na kinyesi. Wachanga waliomo ndani haiwagusi, ndiyo sababu lazima irudiwe baada ya siku 14 hadi 21. Asiyeirudia amewapa nafasi waliobaki wakue. Kwa tegu na koksidia haina kazi.

Kipimo ni miligramu 200 kwa kilo. Lebo ikisema piperazine asilimia 50, pima gramu 2 za unga, koroga kwenye maji safi hadi ujazo ufike mililita 5, na utapata miligramu 200 katika kila mililita: mililita 1 kwa kilo 1, kwa sirinji, mdomoni. Ikiwa ni asilimia 100, pima gramu 1 badala ya 2. Mizani ya jikoni inayoruka gramu 5 haifai hapa. Tafuta ndogo inayoonyesha sehemu za gramu, kama zile za sonara.

Lebo itakuambia uweke kwenye maji ya kunywa. Kwa kuku sawa. Kwa sungura wa Nyanda za Juu hesabu hiyo inaanguka. Kwa wastani sungura hunywa kama mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, lakini anayekula majani mabichi yenye umande hunywa kidogo sana, na mwezi Juni na Julai baridi ya Mbeya inapouma anaweza kuacha maji yakae siku nzima. Juu ya hapo ladha imebadilika. Matokeo yake mmoja hupata nusu ya kipimo, mwingine hapati kitu, na wewe unaandika kwenye daftari kwamba banda zima limepewa dawa.

Angalia pia pakiti za kuku zenye piperazine iliyochanganywa na levamisole. Zinafanana sana na zile za piperazine tupu. Hizo usichukue.

Albendazole

Tusiifanye sumu, inatumika, na pale ambapo fenbendazole haipatikani daktari anaweza kuiagiza. Kipimo kinachotajwa kwa sungura ni kama miligramu 20 kwa kilo, yaani mililita 0.2 kwa kilo kwa chupa ya asilimia 10, au mililita 0.8 kwa ile ya asilimia 2.5. Lakini nafasi ya kukosea ni finyu. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kijiko kimoja cha albendazole ya asilimia 10 ni miligramu 500, na kwa sungura wa kilo 2.5 hiyo ni miligramu 200 kwa kilo, mara kumi ya kipimo. Kile kidonge cha binadamu cha miligramu 400 kutoka duka la dawa muhimu, kikisagwa na kupewa sungura wa kilo 2, ni mara kumi vilevile. Hafi siku hiyo, na hilo ndilo linalowapotosha watu: damu huishiwa polepole, na kifo kikija hakuna anayekumbuka dawa.

Kwa jike mwenye mimba usiiguse kabisa. Albendazole huharibu watoto tumboni, hasa siku za mwanzo, na mimba ya sungura ni siku 31 tu, kwa hiyo jike yeyote aliyekutana na dume ndani ya mwezi uliopita mhesabu kuwa na mimba hadi utakapohakikisha vinginevyo. Hata fenbendazole kwa jike wa aina hiyo iamuliwe na daktari.

Ivermectin na nyinginezo

Ivermectin ya sindano ya asilimia 1 ni dawa nzuri iliyouziwa watu kwa kazi isiyo yake. Kwa ukurutu, na kwa utitiri wa masikioni unaoacha magamba mazito ndani ya sikio, ni ya kutegemewa: miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo chini ya ngozi, kurudia baada ya siku 14. Kwa kipimo cha juu ni mililita 0.04 kwa kilo, yaani mililita 0.1 kwa sungura wa kilo 2.5, ambayo kwenye sindano ya insulini ya mililita 1 ni mstari wa 10. Kwa Passalurus haifai kitu. Ukiambiwa "inaua vya ndani na vya nje", hayo ni maneno ya ng'ombe.

Levamisole, peke yake au na oksiklozanidi kama inavyouzwa kwa ng'ombe na mbuzi wenye minyoo ya ini, iache. Umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni mdogo, na oksiklozanidi haina kazi kwa minyoo tunayoizungumzia.

Kama kipimo cha kinyesi kimeonyesha koksidia, rafu ya kuku ndiyo yako. Toltrazuril ya asilimia 2.5 huwekwa mililita 1 kwa lita 1 ya maji kwa siku 2, kisha tena siku 2 baada ya mapumziko ya siku 5. Tatizo la maji tulilolitaja kwenye piperazine lipo hapa pia: punguza majani mabichi siku hizo, wape makavu, ili wanywe. Dawa za salfa na amprolium nazo hutumika, na ni za kawaida zaidi madukani.

Na kwa kuwa uko dukani, mambo mawili yatakayookoa sungura wako: usikubali dawa ya kupulizia viroboto ya mbwa yenye fipronil, ni sumu kwa sungura, na usikubali amoksilini au ampisilini ya kunywesha "ili kuzuia kuhara", kwa sababu huua bakteria wanaomsagia majani utumboni na huweza kumwua naye. Kitunguu saumu kinachosifiwa kama dawa ya asili nacho ni cha jamii inayoharibu chembe nyekundu za damu za sungura. Mbegu za maboga hazitamdhuru zikiwa chache, ila usizihesabu kama tiba.

Namna ya kumpa

Pima uzito kwanza. Kwa macho watu hukosea kilo nzima, na kwa mnyama wa kilo 2 hiyo ni nusu ya dawa yote. Beseni juu ya mizani, andika uzito wa beseni tupu, mwingize sungura, pima tena, kisha toa uzito wa beseni. Mizani ya kuning'iniza na kikapu chenye kifuniko navyo vinafaa.

Usimfungishe kula. Sungura hatapiki, na utumbo wake ukikaa mtupu husimama kufanya kazi. Kufunga kunakofanywa kwa mbwa au nguruwe hapa ni hatari isiyo na faida.

Mviringishe kwa kitenge au taulo, miguu yote ndani, kichwa nje, umweke mezani au mapajani akiwa amekaa kawaida. Usimshike masikio, na usimlaze chali. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo lisilo na meno. Ingiza ncha ya sirinji kwa pembeni hapo, ielekee upande wa pili wa shavu, isielekee kooni. Sukuma mililita 0.2 hadi 0.5, subiri atafune na kumeza, ongeza. Ukimwinua kichwa juu na kusukuma yote kwa pamoja, dawa huingia kwenye mapafu, na nimonia itakayofuata itasingiziwa minyoo. Sirinji ya mililita 1 ndiyo sahihi kwa dawa ya asilimia 10. Ya mililita 5 haikupi mililita 0.6 kwa uhakika. Ondoa sindano kabla hujamkaribia, jambo ambalo lingekuwa halina haja ya kusemwa kama lisingekuwa linatokea.

Wape wote wa banda moja siku ileile, hata wasioonyesha dalili. Baada ya dawa, mtu aangalie kinyesi na chakula. Minyoo waliokufa au kulegea wakionekana siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Sungura akikaa saa 12 bila kula wala kujisaidia, hiyo ni dharura kwa sababu yoyote ile iliyoileta. Kipimo cha kinyesi kirudiwe siku 14 baada ya kumaliza. Bila hicho hujui kama pesa yako imefanya kazi.

Banda lisiposafishwa dawa ni mzunguko wa bure. Siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, toa matandiko na kinyesi chote, kwangua sakafu ya mbao, mwagia maji yanayochemka, acha ikauke. Ratiba hiyo ina sababu: koksidia inayotoka na kinyesi huhitaji siku moja hadi nne hivi ili iweze kuambukiza, kwa hiyo ukiwahi kuiondoa umeikata njiani. Jiki haiziui, joto ndilo linaloziua. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinapokaza na mbao hazikauki, hamisha sungura kwenye kizimba kingine kikavu na usubiri siku ya jua. Majani yakae kwenye hori lililoinuliwa, wala yasitupwe sakafuni. Kata mabingobingo na majani mengine mbali na njia za mbwa, yaanike hadi yanyauke vizuri kabla ya kuyapeleka bandani.

Unapolipa

Chupa iwe na kizibo ambacho hakijafunguliwa, tarehe ya kuisha muda, na namba ya usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kataa dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji au kuvutwa kwenye sirinji mbele yako, hata kama bei ni nafuu. Fenbendazole na albendazole za maji huzama; muuzaji akimimina juu bila kutikisa unapata maji meupe, na mteja wa mwisho wa chupa hiyo anapata tope lenye nguvu maradufu. Huwezi pia kujua kama ilikuwa ya 2.5 au ya 10, na tumeshaona tofauti yake. Ukiwa umetoka nayo Mbeya kwenda Mbarali ambako joto ni kali, isikae juu ya dashibodi.

Kwa sungura wa kuliwa, uliza siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Lebo haitakuambia, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili yake. Daktari akiagiza dawa nje ya lebo, siku 28 ni kiasi cha tahadhari kinachokubalika kwa nyama. Andika tarehe kwenye kizimba, si kichwani.

Kilio cha mwenye sungura wachache ni kwamba chupa ya mililita 100 ni kubwa mno kwake, na ni kweli. Kwa fenbendazole ya asilimia 10, sungura wa kilo 3 anatumia mililita 3 tu kwa siku zote 5. Wanne wanatumia 12. Chupa moja inatosha sungura 33 wa uzito huo. Wafugaji watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kuinunua kwa pamoja, mradi ibaki kwenye chupa yake yenye lebo, kwa mtu mmoja, na wengine waje pale na sungura wao na mizani.